Nimechoka kwa miaka mitatu, na kaka anataka damu yangu ikapimwe virusi Marekani

Shikamoo, Mama Mshauri.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari mkoani Tanga. Nina umri wa miaka 36, nimeolewa, na Mungu ametujalia binti mmoja wa miaka sita. Barua hii nimeiandika kwa siku nne, aya moja moja kila asubuhi, kwa sababu nikiandika kwa muda mrefu kichwa hujaa ukungu, na hata maneno ninayowafundisha wanafunzi hunipotea.

Agosti 2022 niliugua homa kali. Koo liliuma hata mate hayakupita, tezi za shingoni zilivimba, na nililala majuma mawili bila kuinuka ila kwa kushikwa mkono. Homa ilipoondoka watu walikuja kunipongeza kwa kupona, lakini mimi sikupona. Kabla ya hapo nilikuwa nikienda shuleni kwa miguu, nikiimba kwaya, na kulima mchicha nyuma ya nyumba. Sasa nikifua nguo za binti yangu Jumamosi, siku hiyo naweza kuonekana mzima kabisa. Ni Jumapili jioni au Jumatatu ndipo mwili hunidai, na deni lake hulipwa kitandani kwa siku mbili au tatu. Usingizi nalala, tena mwingi, ila naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikisimama ubaoni dakika kumi, moyo huenda mbio na macho huingia giza, hivyo siku hizi nafundisha nikiwa nimeketi.

Nimepimwa malaria mara zisizohesabika, taifodi, kifua kikuu, kisukari, wingi wa damu, figo, ini na tezi la thairoidi. Virusi vya Ukimwi nimepimwa mara tatu, na mara zote sikukutwa navyo. Kila majibu yalipokuja safi nilitazamwa vibaya zaidi nyumbani, kana kwamba usafi wa majibu ni ushahidi dhidi yangu. Mwaka jana daktari mmoja jijini Dar es Salaam alinisikiliza karibu saa nzima, akaniambia kuwa nina ugonjwa wa uchovu sugu na kwamba hakuna kipimo kimoja kinachouonyesha. Nililia ndani ya basi kwa faraja. Lakini nilipofika nyumbani, wifi yangu aliniuliza kimeonekana nini, nami sikuwa na la kumwonyesha. Alisema kwamba ugonjwa usioonekana kwenye kipimo ni uvivu uliokwenda shule. Mama mkwe, ambaye ananipenda kwa dhati, anaamini nimetupiwa kitu.

Kaka yangu anaishi Marekani. Amesoma kwamba wanasayansi walikuta kirusi kwa wagonjwa wa namna yangu, wawili kati ya kila watatu, na amepata maabara ya binafsi inayopima kingamwili za virusi vya Epstein-Barr na vya hepesi aina ya 6, pamoja na virusi vya jamii moja na vile vya Ukimwi. Gharama pamoja na kusafirisha damu ni zaidi ya shilingi milioni tatu. Yeye atatoa nusu, nami nusu nyingine nitaikopa kwenye VICOBA yetu. Anasema kikipatikana kitu atanitumia dawa za kupambana na virusi za miezi sita.

Mume wangu ni fundi seremala na hajawahi kunitolea neno baya. Alinisikia nikizungumza na kaka kwa simu, akanyamaza siku mbili, kisha akasema: "Mke wangu, mtaa huu ukisikia umetuma damu ng'ambo kupimwa virusi, hakuna atakayeuliza ni virusi gani." Hakunikataza, lakini najua hataki. Mkopo unahitaji sahihi yake na sababu, na shoga yangu ananishauri niandike kuwa ni wa ada.

Nifanye nini, Mama? Nipime au niache? Na je, namwambukiza binti yangu? Tangu Januari nimemtengea kikombe chake na nimeacha kulala naye, na kila usiku ananiuliza amekosa nini.

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Siku nne za kuandika barua moja zimenieleza hali yako kabla sijafika kwenye habari ya vipimo.

Nitaanzia mwisho wa barua yako, kwenye kikombe cha binti, kwa kuwa hilo halifai kusubiri mjadala wa maabara. Hakuna ushahidi kwamba ugonjwa wa uchovu sugu huambukizwa kwa kula pamoja, kunywea kikombe kimoja au kulala kitanda kimoja. Virusi vya Epstein-Barr, ambavyo kaka yako anavitaja, ni kweli huenea kwa mate, lakini zaidi ya watu wazima 90 kati ya kila 100 duniani wamekwisha kuvipata, na katika nchi zetu watoto wengi huvipata mapema, mara nyingi bila dalili ya kutajika. Yaelekea binti yako amekutana navyo zamani, kama sisi sote. Hofu yako ilikuwa ya mama na siilaumu hata kidogo. Hata hivyo, umri wa miaka sita hauwezi kubeba swali la "nimekosa nini" kwa miezi yote hiyo, na hili moja unaweza kulirekebisha usiku wa leo bila kutumia senti.

Sasa tuje kwenye damu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na naona umefunga maswali mawili katika furushi moja. La kwanza ni la kitabibu: ni nini kilichoanzisha ugonjwa huu, na je, bado kimo mwilini? La pili ni la nyumbani: nani ataniamini? Maabara hujibu maswali ya aina ya kwanza, tena baadhi tu. Ninahofu kwamba milioni tatu hizo zinakwenda kununua jibu la swali la pili.

Habari aliyoisoma kaka yako si ya kubuni, ila ameishika mwanzo wake tu. Oktoba 2009, watafiti wa Taasisi ya Whittemore Peterson iliyoko Reno, katika jimbo la Nevada, walichapisha katika jarida la Science kwamba walikuta kirusi kiitwacho XMRV, cha jamii moja na kile cha Ukimwi, kwa wagonjwa 68 kati ya 101 wa uchovu sugu, na kwa watu 8 tu kati ya 218 waliokuwa wazima. Hao ndio wawili kati ya watatu. Kwa watu waliodharauliwa miaka mingi na kuambiwa kwamba ugonjwa wao ni wa kujitungia, habari ile ilikuwa kama kufunguliwa mlango wa gereza, nami siwezi kuwacheka. Kipimo kikaanza kuuzwa, wagonjwa wakalipa, na wako walioanza kumeza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi ilhali hawana Ukimwi. Mwaka 2010, Uingereza na Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani ziliacha kupokea damu ya watu wenye ugonjwa huu.

Kisha maabara nyingine zikajaribu kukitafuta kirusi kile na hazikukiona. Mwaka 2011 ilibainika kwamba XMRV kilizaliwa ndani ya maabara zenyewe: katika miaka ya 1990, uvimbe wa saratani ya tezi dume ulipandikizwa kwa panya ili ukue, na humo virusi viwili vya panya vikachanganyika vikatoa kimoja kipya, ambacho baadaye kilichafua sampuli na kemikali za kupimia. Desemba mwaka huohuo jarida la Science liliiondoa makala yake. Mwaka 2012, Profesa Ian Lipkin wa Chuo Kikuu cha Columbia aliongoza uchunguzi wa wagonjwa 147 na watu wazima kiafya 146, damu zao zikiwa zimefichwa majina, na baadhi ya watafiti wa mwanzo, akiwamo Judy Mikovits aliyeongoza kazi ya 2009, wakashiriki kupima kwa mikono yao. Hawakuweza kumtenganisha mgonjwa na mzima, na Mikovits mwenyewe alikubali mbele ya watu kwamba matokeo yale yalikuwa ya mwisho. Kwa hiyo, ikiwa maabara aliyoipata kaka yako ingali inauza kipimo cha virusi vya jamii hiyo kwa wagonjwa wa uchovu, ningependa umwombe awaulize wanatafuta kirusi gani hasa, na kwa ushahidi wa lini.

Epstein-Barr ni habari nyingine, na yenye uzito zaidi. Kirusi hiki kilionekana kwa mara ya kwanza London mwaka 1964, ndani ya chembe za uvimbe wa taya uliotoka kwa watoto wa Uganda, uvimbe ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt alikuwa ameueleza akiwa Kampala. Koo lako, tezi zako na homa yako vinafanana na maradhi ambayo kirusi hiki huyaleta kinapompata mtu katika ujana au utu uzima, ingawa vinafanana pia na mengine mengi, na ule ulikuwa wakati wa UVIKO-19, ambao nao umewaacha watu wengi na hali kama yako.

Lakini hebu tuangalie kipimo cha kingamwili kinasema nini. Mwili ukikutana na kirusi hiki, hutoa kwanza kingamwili za muda, ambazo huonekana kwa wiki au miezi michache. Hizo zingepimwa Agosti 2022 zingeweza kueleza jambo. Baada yake hubaki kingamwili za kudumu, ambazo mtu huishi nazo hadi kufa. Kuzipima leo ni kama kutazama unyayo kwenye tope lililokauka: unajua kuna aliyepita, lakini hujui alipita lini, wala huwezi kusema kama yumo ndani ya nyumba. Ukimpima wifi yako kwa kipimo hichohicho, yaelekea naye atakutwa nazo. Hali ya hepesi aina ya 6 haitofautiani sana, kwa kuwa karibu kila mtoto huipata kabla hajaanza shule.

Hilo halimaanishi kwamba virusi havihusiki. Naomba ushike jambo hili vizuri, kwa sababu watu wawili wenye nia njema wanaweza kukuvuta pande mbili za uongo, mmoja akisema "ni kirusi, tukiue", na mwingine "hakuna kirusi, basi huumwi". Huko Dubbo, Australia, watafiti waliwafuatilia watu 253 tangu walipougua maradhi matatu tofauti: ya Epstein-Barr, ya kirusi cha Ross River, na homa ya Q, ambayo hata si ya kirusi bali ni ya bakteria. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita watu 28 kati yao walikuwa na uchovu sugu kwa vigezo kamili, na idadi haikutofautiana sana kwa maradhi yote matatu. Kilichobashiri nani atabaki mgonjwa ni ukali wa maradhi ya mwanzo. Hulka ya mtu na historia yake ya kinafsi havikubashiri. Maneno hayo ningependa wifi yako ayasikie: uliugua sana, ndiyo maana hukuinuka.

Nitakuwa mkweli kwako kuhusu upande wa pili pia. Sayansi haijafunga faili la Epstein-Barr. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba kirusi hiki ndicho kinachoelekea kuwa chanzo kikuu cha ugonjwa wa neva uitwao maltipo sklerosisi, ingawa karibu kila mtu anacho na wachache tu huugua. Walijuaje? Walitumia damu zilizohifadhiwa za wanajeshi wa Marekani, zaidi ya milioni 10, kwa miaka 20, wakiangalia nani aliambukizwa lini na nani aliugua baadaye. Jibu la namna hiyo haliwezi kutoka kwenye chupa moja ya damu ya mwalimu mmoja wa Tanga, hata ikipimwa na maabara iliyo bora kuliko zote. Kama siku moja utapenda damu yako isaidie kutafuta chanzo, utafiti wenye utaratibu huomba ridhaa yako, na kwa kawaida haukutozi fedha.

Kinachonitia wasiwasi kuliko fedha ni dawa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, asikloviri, dawa ya kupambana na virusi vya jamii ya hepesi, ilijaribiwa kwa wagonjwa 27 wa uchovu sugu, ikilinganishwa na dawa bandia isiyo na kitu ndani, na haikuishinda. Watatu figo zao ziliathirika, ingawa baadaye zilirudi hali yake. Dawa kali zaidi za jamii hiyo zinaweza kupunguza chembe za damu, na anayezimeza anatakiwa kupimwa mara kwa mara na daktari anayemjua. Dawa zinazokuja kwa posta, zikimezwa kwa siri kwa miezi sita, zitakutana na mwili ambao hauna akiba ya kupoteza. Kaka yako anakupenda, na yuko mbali, na mtu aliye mbali hupenda kutuma kitu. Unaweza kumwomba upendo huo autume kwa namna nyingine.

Fikiri sasa majibu yamerudi. Kama yanasema umekutwa na kingamwili, utafika nyumbani na karatasi iliyoandikwa "virusi", na hapo mumeo amesema kweli kuhusu mtaa. Kama yanasema hukukutwa na kitu, utakuwa na karatasi safi nyingine, safari hii kutoka Marekani, na umekwisha kuniambia usafi wa majibu unakufanyia nini. Sioni jibu ambalo litamfanya wifi abadilike siku hiyo. Labda wewe unaliona. Kama lipo, liandike kwanza kwenye karatasi, ulisome baada ya siku tatu.

Wala sisemi kwamba upimaji umekwisha. Kama hujapimwa homa ya ini aina ya B na C, hizo ni virusi ambavyo kuvijua kunabadilisha matibabu, na hupimwa hapa nchini. Muulize daktari wako pia kuhusu akiba ya madini ya chuma, safura, kichocho, na bruselosi kama mnakunywa maziwa yasiyochemshwa.

Kisha kuna kipimo kimoja ambacho barua yako yenyewe inakililia. Umesema ukisimama dakika kumi moyo huenda mbio na macho huingia giza. Muuguzi yeyote mwenye mashine ya shinikizo la damu anaweza kukupima mapigo na shinikizo ukiwa umelala, kisha kukupima kila baada ya dakika chache ukiwa umesimama umeegemea ukuta, hadi dakika kumi zitimie, naye akae karibu usije ukaanguka. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika na kubaki juu bila shinikizo kushuka, hilo ni tatizo lenye jina na lenye hatua za kulipunguza, ambazo daktari atazipanga kwa kutazama shinikizo lako: maji, chumvi, soksi za kubana, wakati mwingine dawa. Yasipopanda, hakuna ulichopoteza. Mwaka 2015 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani liliweka hali hii ya kushindwa kusimama miongoni mwa dalili za kuutambua ugonjwa wako, pamoja na usingizi usioburudisha, ukungu wa kichwa, na lile deni la mwili linalokuja siku ya pili, na likatamka wazi kwamba huu ni ugonjwa mzito wa mwili. Utaona kwamba umezieleza zote kwa maneno yako mwenyewe, na daktari wa Dar es Salaam alizisikia. Hakukupa jina hilo kwa kukosa la kusema.

Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2021 nao uliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa wa namna yako. Unasisitiza kugawa nguvu: kupumzika kabla mwili haujakulazimisha. Barua ya daktari kwa mkuu wa shule, ikieleza kwamba ufundishe umeketi na vipindi vyako visifuatane, huenda ikawa karatasi yenye kazi zaidi kuliko ile ya ng'ambo.

Kuhusu mkopo, wewe umeniandikia neno "ada" bila kusema kama utaliandika, nami nadhani ulitaka nilione. Mume aliyenyamaza siku mbili kisha akazungumza kwa upole hajakufungia mlango. Ameogopa jina, na pengine ameogopa pia kitu kingine ambacho hujamuuliza: kwamba utapona au hutapona. Akigundua baadaye kwamba sahihi yake ilichukuliwa kwa neno lisilo la kweli, utakuwa umempoteza shahidi pekee anayekuona usiku. Ukiamua kutuma damu, ni bora aijue sababu halisi na aseme lake. Ukiamua kungoja, ni bora pia ajue kwamba umengoja kwa hiari yako, wala si kwa sababu ya mtaa.

Na ana ujuzi unaohitajika. Seremala hupima kabla hajakata, na huandika vipimo vyake. Mwombe daftari moja, na kwa mwezi mmoja aandike jioni, kwa mwandiko wake yeye, ulichofanya siku hiyo na saa uliyolala, kisha kesho na keshokutwa aandike ulivyoamka. Nenda naye kwa daktari, abebe daftari hilo, na yeye ndiye asome. Kaka yako mwambie nauli ya watu wawili kwenda Dar es Salaam na kurudi ni shilingi ngapi.